Kadi ya Harusi Iliyokataa Kuguswa

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, sogea, maana mimi sikuapa.

Juzi nilikuwa saiba moja hapa mjini, duka la kompyuta, nikingoja fotokopi. Kando yangu alikaa msichana wa Kileleshwa, kanuna, na harusi ni Jumamosi. Kadi ya mwaliko aliiandika mwenyewe kwa kompyuta, lakini kila akiitumia kamati ya harusi, inarudi na jina la anti yake limeongezwa: mara mgeni wa heshima, mara kiongozi wa maombi.

"Dada, igeuze iwe picha," akamwambia mwenye saiba. "Na iwe safi, wakwe waivute kwa vidole kwenye simu bila herufi kuingia ukungu."

"Hiyo ni kazi ndogo, mrembo. Ikishakuwa picha ni kama ugali ulioiva, hakuna wa kuongeza maji."

Ikatoka inang'aa. Akaituma kwa kamati, kisha akainama chini ya meza kuchomoa chaja yake.

Mara mama mwenye duka la vitenge ghorofa ya chini akaingia akihema, simu mbele.

"Dada, hii kadi imekataa kuandikwa! Ifungue niongeze mstari mmoja tu, hapa chini ya jina la mamake, kwamba mimi ndiye niliyemlea."

Nikawaza, kumbe mtu haibi nafasi kwenye kadi bure. Huyu aliosha nepi.

Msichana akaibuka polepole, akavuta kiti.

"Keti, anti. Ile ya kuandikika iko kwangu. Tuandike vipi?"

Anti akaketi, kidole bado kimegota palepale alipotaka jina lake.