Matairi Marefu ya Kumfuata Mama Mkwe

Sababu ya safari ilikuwa jicho la mama mkwe. Aliishi ng'ambo ya mbuga ya udongo mweusi unaogeuka tope zito mvua ikinyesha, ndani kabisa ya Sengerema, na mtoto wa jicho alikuwa amemfikisha mahali pa kumimina chai nje ya kikombe. Hospitali ya Mwanza ilimpangia upasuaji Jumatano. Mvua zilikuwa zimeanza, na mke wangu, Kabula, alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Nikasema nitakwenda peke yangu, na mbuga haitanishinda.

Jumatatu nilikwenda Igoma, hapahapa Mwanza, kuinunulia pikapu yangu matairi. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa miaka ile, na matairi ya kila aina yalikuwa yanaingia, mapya na yaliyokwisha kutembea nchi za watu. Wenzangu walivalisha pikapu zao matairi mapana yenye maandishi meupe. Mimi nilichagua membamba na marefu, na kila aliyepita nilimweleza bila kuombwa: tairi pana huelea juu ya tope na kuteleza, jembamba hulikata mpaka likakanyaga udongo mgumu wa chini, na urefu wake huinua tumbo la gari. Fundi aliyeyafunga alisikiliza somo langu mara tatu. Mara ya nne aliwasha redio.

Jumanne asubuhi nilivuka Kigongo kwa kivuko, nikashukia Busisi. Saa nne nilikuwa mbugani. Lori la pamba lilikuwa limekwama, na nyuma yake pikapu ya matairi mapana imelalia tumbo. Nikapita taratibu kando yao, dirisha wazi ili wanione vizuri. Hakuna aliyepiga makofi, lakini mimi niliyasikia.

Saa sita nikafika kwa mama mkwe. Nilichuchumaa mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe, nikamwamkia. Akaitikia, akashika fimbo, akaja mpaka mlangoni mwa gari. Hapo ndipo nilipoona. Mama ni mtu mzima mwenye mwili, na goti lake moja halikunjiki. Pa kukanyagia palikuwa juu ya magoti yake. Mimi, mkwe, kwa mila siruhusiwi kumgusa hata kidole. Tena ndani kulikuwa na kiti kimoja kirefu, yaani angekaa bega kwa bega nami mpaka Mwanza. Nilikuwa nimepima tope, nimepima mawe. Abiria sikuwa nimempima.

Majirani wawili walijitolea kumnyanyua. Akakataa, akisema yeye si gunia. Tukaleta kigoda, kikapinduka, nusura aanguke. Muda ulikuwa unakwenda, na siku ya hospitali ikipita, nyingine ingekuwa baada ya miezi. Nikaanza kumweleza habari za tope. Akanikatiza.

"Baba, gari lako limesimama kama dume la ng'ombe. Halilali?"

"Halilali, mama."

"Basi lipeleke kwenye kile kichuguu nyuma ya zizi."

Nikarudi kinyumenyume mpaka kichuguuni, nikashusha mlango wa nyuma. Ukalingana sawasawa na kilele. Mama akapanda upande wenye mteremko, polepole, akaingia kwenye bodi, kule nyuma kwa mizigo, kwa miguu yake mwenyewe, akakaa juu ya kiti cha mbao tulichokifunga kwa kamba. Tukapita mbuga na Sengerema yote yeye akiwa na mwavuli mkononi, akipokea salamu. Mimi nilikuwa dereva wake tu.

Busisi, mhudumu wa kivuko alitaka abiria wote washuke. Nikaanza kujieleza. Mama akamuuliza kijana wa watu ni mtoto wa nani. Walipomaliza kutajiana ukoo, akavuka amekaa.

Hospitalini hapakuwa na kichuguu. Tulimshushia kwenye baraza la stoo lililoinuka sawa na bodi, pale wanapopokelea unga.

Bandeji ilipotolewa nilimrudisha. Mbuga ilikuwa imeloa kuliko mwanzo, tukapita. Nyumbani alisimama, akalitazama gari kwa jicho lake jipya, juu mpaka chini.

"Matairi mazuri, baba," alisema. "Sasa tafuta na ngazi."

Nilijifunza kwamba gari la kupita popote si kitu kama unayemfuata hawezi kulipanda. Wiki hiyohiyo nilichomelea nyuma ya gari ngazi ya vipandio viwili. Tangu hapo mama mkwe huja Mwanza hata asipougua, na akija hukaa mwezi.