Nilisimama kumwamkia, akazima mashine

Tk.

Mlio mdogo tu wa swichi ya kompyuta. Bado nausikia.

Leo ofisini dirisha la ramani liliganda, hata mshale hausogei. Lakini ndani ya mashine hesabu zangu za mvua ya Usambara zilikuwa zinaendelea tangu jana, karibu kuisha. Tasnifu yangu inazisubiri.

Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3. Ukaja ukurasa mweusi wenye maandishi meupe, mlango wa pili wa mashine ileile. Nikaingia. Hesabu ziko hai. Kilichobaki ni kuzima ramani peke yake.

Akaingia Mzee Hoza, mkuu wetu wa kompyuta, mwenye vyeti ukuta mzima.

Nikatoa mikono kwenye kibodi, nikasimama. Huku kwetu mtu mzima humwamkii umekaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ona ilivyo nyeusi. Umeshaiua."

"Haijafa, mzee, hapo ndipo..."

"Hizi nazijua mimi, mwanangu. Dawa yake moja."

Akabonyeza swichi, akaishikilia mpaka mashine ikazima.

Ilipowaka tena na picha yake ya maua, akatabasamu. "Si unaona? Imepona."

Hesabu zote zimekwenda. Na bado alisimama pale akisubiri asante. Nikampa. Ningefanyaje, niambieni.

Mchana nimemwambia imekufa tena, nimeipeleka kwa fundi Tanga.

"Nilijua tu," akasema.

Mashine iko hapahapa ofisini, stoo ya mbegu, nimeifungia kwa kufuli. Inahesabu upya.