Supu ya Dada kwenye Friza

Tangu dada yangu alipofariki, kila ninayekutana naye ananipa pole, kisha ananiuliza habari za mumewe. Watu wanataka kujua kama shemeji atayaweza maisha. Sasa naweza kuwajibu bila kuuma maneno: namshukuru Mungu, anayaweza, na mgahawa haukufungwa.

Shemeji anajulikana kwa jina la Sinia. Alianza kazi ujanani kwa kupeleka chakula mezani, na mpaka leo anapita katikati ya viti vilivyosongamana bila kumwagia mtu hata tone la chai. Jikoni palikuwa pa dada. Sinia akichungulia tu, anafukuzwa. "Toka na viatu vyako vya barabarani!" Anatoka anacheka na kuwaambia wateja, "Kuleni haraka, mkuu kakasirika." Waliishi hivyo miaka yote, yeye mbele, dada nyuma, na mapenzi yao yakipitia kwenye kidirisha cha kutolea sahani.

Dada alipotutoka ghafla, shemeji akavaa aproni ya marehemu na mimi nikawa msaidizi. Tulipika kwa kubahatisha. Bwana afya alipokuja kutukagua alikuta nyama mbichi juu ya mboga zilizokwisha kukatwa, mpira wa mlango wa friza umelegea, na vyombo havina tarehe.

"Poleni na msiba," alisema, "lakini nikirudi nikakuta chakula kisichojulikana kimepikwa lini, nafunga."

Mgahawa huo ndio unaotulisha, mimi, shemeji na watoto wa marehemu. Basi tukakaza mkanda. Shemeji akabadilisha mpira wa friza, akashusha nyama rafu ya chini kabisa, tukaenda kupimwa afya. Mimi nikabandika tarehe kila chombo. Kikabaki kimoja tu, kindoo cha supu aliyopika dada mara ya mwisho aliposimama jikoni. Nilimwambia shemeji akimwage. Akajibu, "Nimesikia, shemeji." Kumbe kusikia kwake kuliishia masikioni.

Bwana afya alirudi asubuhi, amevaa koti jeupe na kofia. Alipitisha kidole chini ya meza, akanusa vitambaa, akasoma kipimajoto cha friji. Mimi nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo huku najifanya napanga sahani. Akafungua friza, akasogeza mifuko ya samaki, akatoa kindoo kutoka nyuma kabisa.

"Hii nini?"

Nikamtazama shemeji. Nikaona amekishika kidirisha cha sahani kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Ni supu ya dada yangu," nikasema. "Ndiye aliyekuwa mpishi hapa. Hatuiuzi."

"Ya tangu kabla ya msiba?"

"Ndiyo."

Bwana afya akavua kofia, kisha akaivaa tena. "Siwezi kusema sikuiona. Ikibaki humu, nafunga. Ikitoka sasa hivi mbele yangu, nitaandika imetolewa. Ukitaka kuipeleka kwako, huko mimi sina amri."

Nilidhani shemeji atakikumbatia aondoke nacho. Alikichukua, akakitazama sana.

"Nikiipeleka nyumbani," alisema, "kuna siku nitaipasha na watoto wataila. Mama yao alikuwa anamwaga hata chai iliyolala. Atanielewa kweli?"

"Hata mbinguni atakufokea," nikamwambia.

Akaenda kwenye sinki, akakipindua kindoo juu ya ndoo ya taka. Supu haikutoka. Ilikuwa imeganda kama jiwe. Akakigonga. Akakitikisa. Akakimwagia maji ya moto kwa nje.

"Mwone!" akasema, machozi yakimtoka. "Hataki kutoka jikoni, hata leo!"

Nilicheka mpaka nikashika meza, kisha nikalia, na yeye pia. Bwana afya akageuka ukutani akasoma maagizo ya kunawa mikono, ambayo bila shaka anayajua kwa moyo. Mwishowe barafu ikateleza, ikaanguka kwenye taka. Shemeji akakisugua kindoo kwa sabuni, akakisuuza, akakiinamisha kikauke na vyombo vingine.

"Imetolewa," bwana afya akasema akiandika. Akaweka sahihi na kutukabidhi karatasi yetu. "Endeleeni na kazi."

"Kaa basi upate chai," shemeji akamwambia.

"Sinywi mahali ninapokagua."

"Basi kesho uje bila koti. Nitakuhudumia mwenyewe."

Bwana afya akatabasamu, akaondoka. Nikakaa juu ya kreti la soda nikimshukuru Mungu kwa sauti. Nilimwombea dada pumziko jema. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike, niliweza kulitaja jina lake bila kulia. Shemeji alikuwa ameshawasha jiko.

"Amina," akasema. "Sasa inuka, shemeji. Wateja wapo mlangoni na vitunguu havijimenyi."