Makelele Chini kwa Lalla Zhor

Ukiuliza mtaani kwetu hapa Safi, mji wa pwani ya Moroko, nani aliyetuletea muziki wa panki, ule wa magitaa ya kukwaruza na watu kupayuka kama wanachomwa moto, utaelekezwa kwa Ghizlane, na usishangae mtu akitema mate kwanza. Mchana anapanga sadini kwenye makopo kiwandani. Jioni anapiga ngoma ndani ya stoo ya vyungu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Spika aliziunda mwenyewe kwa mbao za makasha, na nyaya aliziomba kwa mafundi redio mpaka wakawa wakimwona wanajificha. Vijana wa panki hawakuwa na pengine pa kupigia. Wenye kumbi waliwafukuza, wenye mikahawa waliwacheka. Stoo ikifungwa, mambo yamekwisha, na Ghizlane alilijua hilo.

Majirani wangeifunga zamani. Aliyewazuia ni Lalla Zhor, bibi aliyekaa ghorofa ya juu ya stoo. Kila waliponuna alitoa kichwa dirishani.

"Kitanda kinachotikisika ni changu! Nyie mnawashwa na nini? Waacheni watoto!"

Wakanywea. Ghizlane akawa anawatambia wageni, kifua mbele, kwamba hakuna anayeupenda muziki wao kama bibi wa juu. Hata wimbo alimtungia.

Basi likapangwa onyesho kubwa la Jumamosi, la kwanza kuita bendi za miji mingine. Alhamisi asubuhi Lalla Zhor akafariki.

Kwetu msiba hauna mjadala. Siku tatu redio haiguswi, na hata mwenye harusi anaahirisha. Ghizlane akasema hapigi mtu muziki. Ilyas, mwimbaji wao, akamjia juu.

"We Ghizlane, umerogwa? Watu wa Oujda wako kwenye treni!"

"Watafika, watakula, watarudi kwao."

"Mwaka mzima tunaimba hatumwogopi mtu, leo unaogopa wambeya wa kichochoroni?"

"Simwogopi mtu, namlilia mtu. Hebu nitokee hapa!"

Ilyas akatoka kweli, na magitaa, na wageni walipofika wakamfuata wote. Wakaenda kupiga nyumbani kwa mtoto wa daktari mmoja, bustanini, wakipigana picha kando ya bwawa la kuogelea. Panki gani hiyo, jamani? Ghizlane alikuwa juu kwa marehemu, anaosha sahani za kuskusi za waombolezaji. Ilimchoma, tusidanganyane. Machozi yakamdondokea kwenye karai, wanawake wakamshika bega wakimpa pole ya Lalla Zhor. Alikuwa anamlilia Lalla Zhor, na anawalilia wenzake pia.

Matanga yalipoanuliwa, Larbi, mtoto wa marehemu aliyekuja kuzika kutoka Italia, akashuka kumwona stooni.

"Dada Ghizlane, Mungu akulipe. Umetustahi."

"Usiseme hivyo, kaka. Alikuwa mama yangu."

Larbi akajikuna shingo. "Sasa majirani wamenituma. Wanasema muziki basi."

"Wamesubiri azikwe! Angekuwa hai mama yako wangethubutu?"

"Mama yangu," Larbi akasema polepole, macho chini, "kila Ijumaa kwenye simu alikuwa analalamika kichwa. Makelele yenu yalikuwa yanammaliza. Nikamwambia nitawaita polisi. Akaniapiza! 'Yatima yule hana kingine duniani, usimguse.'"

Ghizlane akakaa juu ya spika.

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Ulimwuliza?"

Ghizlane alikuwa akipanda kwa Lalla Zhor kila Idi, anakula vitamu, anacheka naye, kisha anashuka kwenda kupiga ngoma. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Larbi akamhurumia, akageuka aende zake, lakini Ghizlane akamshika mkono wa shati. Akamwomba akae kidogo, amjibu lile ambalo hakuwahi kumwuliza marehemu: alikuwa akilala saa ngapi?