Mzee Aliyekuja Kudai Jina la Mbwa Wangu

Sikuwa na malaria. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia habari hii kuna mtu hukohoa kidogo, kisha huniuliza kwa upole kama siku hiyo sikuwa na homa. Sikuwa na homa. Sikuwa nimelewa, maana pombe siijui hata ladha yake, na sikuwa nimesinzia, kwa sababu nilikuwa nimesimama wima na mwiko mkononi nikibishana na mtu. Je, kuna mtu anayeota akiwa amesimama na mwiko? Yaliyonipata kule Oldonyiro yalinipata kweli, na nikikwambia kwamba mpaka leo yananiudhi, niamini.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kuisha. Nilikuwa na duka dogo Isiolo mjini, la sukari, majani ya chai, tumbaku na blanketi. Mume wangu alifanya kazi Nairobi na alikuja nyumbani akipenda. Watoto tulikuwa hatujajaliwa. Kwa hiyo jioni nikifunga duka, aliyenipokea mlangoni kwa furaha alikuwa mbwa wangu. Ndugu yangu aliniletea mbwa huyo kutoka Meru akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya katoni ya sabuni, nami nikamlea kwa uji. Alipokua akawa na kifua kipana na rangi ya chai ya maziwa. Nikamwita Simba.

Sasa niambie, kosa liko wapi hapo? Ingia mtaa wowote wa Kenya hii, simama katikati, uite "Simba!" Watatoka mbwa kila lango. Weupe, weusi, wenye mikia na wasio na mikia, wote ni Simba. Hakuna aliyewahi kuomba ruhusa ya jina hilo, na sijui kwa nini mimi ndiye niliyepelekewa mashtaka.

Wakati huo sisi wenye maduka tulikuwa tukienda mnada wa mifugo wa Oldonyiro siku moja kabla, tunalala huko porini kwenye turubai, ili alfajiri wachungaji wakishauza mbuzi watukute tumeshatandaza bidhaa. Safari hiyo nilikwenda na rafiki yangu Makena, aliyeuza mboga na vitunguu, kwenye lori la Yusufu. Yusufu ni wa zile familia za Waislamu za pale mjini ambazo babu zao walikuja kama askari wa mkoloni, wakabaki, na sasa ndio wenye malori. Mtu mwema sana. Ila kwa habari ya mbwa, hakuwa na mchezo.

"Mama, hiyo mbwa haiwezi kuingia mbele," aliniambia kabla hata sijamsalimia. "Mimi naswali na hizi nguo."

"Nani amesema ataingia mbele? Atakaa nyuma na magunia."

"Na ikinilamba?"

"Kwani wewe ni mfupa?"

Makena alicheka mpaka akashika ubavu. Lakini naye alikuwa na lake. Aliniuliza mbwa wa mjini anapelekwa kufanya nini mahali penye wanyama wakali, kama si kuwaonyesha mahali tulipolala. Nikamwambia mbwa ni mlinzi, na mlinzi haachwi nyumbani bidhaa zikisafiri. Mpaka leo naona nilisema jambo la maana.

Tulifika jua likiwa limeinama. Yusufu aliegesha lori kando ya laga, mto mkavu wa mchanga, tukafunga turubai ubavuni mwa lori na kuzungusha matawi ya miiba kama boma. Jua likazama. Yusufu akatandika mkeka wake akaswali magharibi. Mimi nikasonga ugali, Makena akakata sukuma wiki. Hapo ndipo digidigi mmoja alipokatiza ng'ambo ya laga, na mbwa wangu, ambaye maisha yake yote alikuwa hajafukuza kitu kikubwa kuliko kuku wa jirani, akaruka miiba akapotea.

Ningefanya nini? Nilifanya ambalo kila mtu mwenye mbwa hufanya. Niliita.

"Simba! Simba! Njoo kwa mama, Simba! Chakula iko tayari!"

Wachungaji wawili wa Kisamburu waliokuwa wakirudisha mbuzi nyumbani waliacha mbuzi wao wakaja mbio, mikuki juu.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Simba!"

"Ni mbwa," nikasema. "Naita mbwa yangu."

Walinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, kana kwamba nimekojoa kanisani. Mmoja wao akateremsha mkuki. "Mama, hapa hiyo jina haiitwi jua ikiingia. Sisi tunasema tu, ile kitu. Ukiita, inasikia. Na wewe umeita na chakula."

Wakaenda zao wakisonya. Mimi nikakasirika. Kusema kweli nilikasirika sana. Mtu atoke na mkuki wake huko anifundishe jinsi ya kumwita mbwa niliyemlea mwenyewe? Nikapanda juu ya gunia la sukari, nikaita tena kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, jina, mama, chakula, vyote.

Mbwa alirudi. Hakurudi akikimbia. Alirudi akitambaa, tumbo chini, akapita katikati ya miiba bila kujali inavyomchoma, akajisukuma mpaka kwenye tairi la nyuma la lori. Nikamwekea ugali na mchuzi. Hakuunusa hata kidogo.

Nilipoinua kichwa, kulikuwa na mzee amesimama ndani ya boma letu. Ndani, nasema, na tawi la kufungia mlango lilikuwa mahali pake. Alikuwa mrefu, mabega mapana, amejifunika blanketi la rangi ya vumbi, na nywele zake zilikuwa nyingi mno kwa mtu wa umri ule. Hakuwa na fimbo. Wewe uliyewahi kufika huko unajua kwamba mwanamume wa sehemu zile hatembei bila fimbo hata akienda haja.

"Umeniita," akasema.

Hakupiga hodi. Hakusema habari, hakusema salaam aleikum. Mimi nimelelewa kwamba hata mwizi akishikwa husalimia kwanza.

"Sijakuita, mzee. Nilikuwa naita mbwa."

"Umeita Simba."

"Ndiyo. Ni jina yake."

"Ni jina yangu."

Basi nikajua huyu ni mzee fulani anayeitwa hivyo, kwani watu wenye jina hilo wapo, na akili yake imechoka kidogo. Nikatulia. Nikamkaribisha, nikampakulia ugali na sukuma kwenye sahani yangu mimi mwenyewe. Alinusa, akaiweka chini kwenye mchanga. Chakula changu! Mbele yangu!

"Si hii," akasema. "Umesema nije kwa mama, chakula iko tayari. Nimetoka mbali." Na huku akisema hivyo alikuwa anatazama chini ya lori.

Yusufu alikuwa ameshakuja na tochi. Akammulika usoni. Nisikilize hapa vizuri: macho ya binadamu hayarudishi mwanga wa tochi. Mmulike mkeo, mmulike mtoto wako, utaona. Ya mzee yule yaliwaka yote mawili, kijani kilichochanganyika na njano, na hayakupepesa. Tochi ikamdondoka Yusufu, akaanza kusoma aya, na Makena akapanda kwenye lori akipiga kelele.

"Wuui! Mpe! Mpe hiyo mbwa aende zake! Ni mbwa tu!"

Ni mbwa tu. Huyu alikuwa rafiki yangu. Nilimuuguza alipojifungua. Mbwa huyo huyo alilala mlangoni kwake wiki nzima wezi walipokuwa wakisumbua mtaa, naye akala kwake kama jamaa. Leo tunasalimiana na Makena, siku za sherehe tunapika pamoja, lakini maneno hayo sijamsamehe.

Na sasa nikwambie alichofanya Yusufu, yule asiyetaka kulambwa. Alijitupa chini na nguo zake za kuswalia, akaingia kwa tumbo chini ya lori, akamkumbatia mbwa shingoni kwa mikono yote miwili. Mbwa alikuwa anadondosha mate kwa hofu, yakimtiririka Yusufu mpaka kwenye viwiko. "Hii haitoki hapa!" akapaza sauti. "Wallahi haitoki!"

Nikapata nguvu. Nikasimama kati ya mzee na lori, mwiko mkononi.

"Sikiliza, mzee. Hukupiga hodi. Hukusalimia. Umeweka chakula yangu chini. Na sasa unataka mbwa yangu? Huyu nimemlea mimi kwa uji. Wewe umempa nini?"

"Jina."

"Jina ni ya watu wote!"

"Nani aliniuliza?"

Nilifungua mdomo nikakosa jibu, na hilo linaniudhi kuliko yote. Hakuwa amepandisha sauti. Alisema kama mtu aliyekaa na dukuduku lake muda mrefu na leo amempata wa kumwambia.

"Mnaita, anakuja kulamba sahani. Mnampiga teke kwa jina yangu. Mnamfungia nje kwa mvua kwa jina yangu. Huko mjini nilinyamaza. Wewe umekuja kuita hapa kwangu." Akasogea hatua moja. Harufu yake ilinifikia, harufu ya ngozi mbichi iliyolowa. "Nipe mbwa, ama unipe jina."

Ungechagua nini? Usinijibu haraka. Nyuma yangu nilisikia mbwa akilia kwa sauti ndogo, ile ya alipokuwa kwenye katoni.

"Chukua jina yako!" nikasema. "Chukua uende nayo! Mbwa atabaki wangu hata bila jina!"

Mzee akageuza uso kuelekea chini ya lori. Kisha akaita, mara moja tu: "Simba." Aliita kwa sauti yangu. Si kwa kuniiga. Ilikuwa sauti yangu yenyewe, na mimi mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Yusufu aliniambia baadaye kwamba mbwa alitetemeka mwili mzima mikononi mwake, halafu akalegea akapumua kama aliyetuliwa mzigo. Nilipotazama tena, mzee hakuwapo, na muda mfupi baadaye kukatoka ng'ambo ya laga mngurumo uliotikisa sufuria juu ya mafiga.

Hatukulala. Yusufu alijiosha kwa mchanga na maji, akarudia na kurudia, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Asubuhi nikauza bidhaa zangu kama kawaida, kwani ningefanyaje? Mchana tukapakia kurudi mjini. Nikamwita mbwa apande lori. Alikuwa amekaa karibu nami, ananitazama usoni, masikio yamesimama. Hakuja. Nikaita tena. Akaendelea kunitazama kwa upendo wake wote, kama mtu anayesikiliza redio ya lugha asiyoijua. Ilibidi nimbebe.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mpaka mwisho. Daktari wa mifugo alimpima masikio akasema ni mazima, na kweli mlango ukigongwa alisikia kabla yangu. Nilimpa majina mengine, Popi, Bosi, Tomi, hata jina la babu yangu, Mungu anisamehe. Hakuna lililomshika. Kitu cha kumfanya ajue kwamba ni yeye anayeitwa kilikuwa kimeondoka. Kama namtaka, nilikwenda alipo nikamgusa. Watu wa mjini walicheka. Makena aliifanya habari ya kuchekesha sokoni, na katika habari yake hakuna mahali aliposema ni mbwa tu.

Miaka ya themanini ilikuwa imeanza tayari, mchana mweupe, nje ya duka langu, wakati lori la mtu mgeni liliporudi nyuma kupakua simiti. Mbwa alikuwa amelala kivulini nyuma yake. Niliona mapema. Nataka uelewe hivyo, niliona mapema kabisa, tairi likiwa bado mbali. Nikapiga kelele: wewe! wewe! wewe! Mtaa mzima uligeuka. Wanaume waligeuka, watoto waligeuka, mwanamke mwenye ndoo ya maji aligeuka mpaka maji yakamwagika. Mbwa aliinua kichwa akanitazama, akajua ni sauti yangu, akapiga mkia chini mara mbili. Hakujua kwamba nilikuwa namwita yeye.

Usiniambie lilikuwa lori. Lori najua. Aliyemuua mbwa wangu ni mzee yule, na siku tukikutana tena nitamwambia hivyo mbele ya uso wake, na safari hii nitakuwa na jibu.

Wewe unayetaka kumchukua mbwa wako mkalale porini, eti atakulinda, eti naye apate hewa, fikiri kwanza umempa jina la nani. Huko wenye majina wapo, na wanasikia. Kama ni Simba, au Chui, au lolote lenye mwenyewe, mwache nyumbani. Alale mlangoni pako, umwite mpaka uchoke, naye aje kila mara.