Mkoromo Uliolinda Zizi

Mimi ni Mwita, mkulima na mfugaji wa Ringwani, na kwa miaka mingi nilisifiwa kwa kazi niliyoifanya nikiwa nimelala. Nilikuwa nakoroma. Huku kwetu wezi wa ng'ombe hawajaisha, na majirani walisema mwizi akisikia mkoromo wangu atajua mwenye mji yupo, atapita mbali. Niliurithi kwa baba. Yeye alikoroma mpaka alipofia usingizini, na wazee wakasema amekufa kifo kizuri, bila kumsumbua mtu. Mke wangu Bhoke akilalamika, nilimwambia achague: kelele yangu au zizi tupu.

Nilipofika miaka arobaini na tano mwili ulianza kunigeuka. Shingo ilinenepa hata kola ya shati la kanisani ikakataa kufungika. Niliamka na kichwa kinagonga, mdomo mkavu, shuka limelowa jasho. Kukojoa nilitoka mara nne, mara tano kwa usiku mmoja. Na niseme wazi, maana wanaume tunafichana: nguvu za kiume zilipungua, nikawa najifanya nimechoka kabla Bhoke hajazima taa. Kuchoka kwenyewe hakukuwa uongo. Nilisinzia nimeshika plau, ng'ombe wakatoka kwenye mstari. Nilisinzia kwenye ritongo, baraza letu la wazee, zamu yangu ya kusema ilipofika. Watu walicheka. Nilicheka nao, lakini moyoni niliogopa kwamba nimelogwa.

Kisha nikaanza kushtuka usingizini nikitafuta hewa, koo limebana kama mtu amenikaba. Mama mdogo alisema ni jinamizi. Ushauri ulikuwa mwingi, nami nikachukua ulionipendeza: ninywe pombe ya kienyeji kabla ya kulala, usingizi uwe mzito, jinamizi lisinipate. Usingizi ukawa mzito kweli, na asubuhi zikawa mbaya zaidi.

Siku moja mchana nilikwenda Mugumu kumchukua binti yangu Robi, shule zimefungwa. Alikaa nyuma ya pikipiki, sanduku lake tumelifunga kwa mpira. Jua lilikuwa kali, barabara haina gari. Nakumbuka alikuwa ananisimulia mtihani wa hesabu. Halafu nakumbuka nyasi mdomoni. Robi alikuwa mtaroni ameushika mkono wake wa kulia, na mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakulia. Aliniangalia, akauliza, "Baba, umekunywa?"

Sikuwa nimekunywa tangu usiku wa jana yake. Hilo ndilo lililonitisha. Mlevi anajua cha kuacha, mimi sikujua niache nini.

Hospitalini walimfunga Robi plasta, na Bhoke alipopata habari akatufuata huko. Mimi nilisinzia kwenye benchi, nikiwa na michubuko yangu, binti yangu akiugulia ndani. Daktari, dada mdogo kwa umri, aliniamkia shikamoo, akanipima presha, akapima tena. Kisha akamgeukia Bhoke na kumuuliza ninavyolala.

"Anakoroma, halafu ananyamaza," Bhoke alisema. "Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Nahesabu vidole vyote vya mikono, narudia, ndipo anashtuka na mlio."

Daktari akauliza kwa nini hakuwa ananiamsha.

"Nilifikiri hapo ndipo anapumzika."

Daktari alitueleza taratibu. Nikilala, nyama za koo zinalegea na kuziba njia ya hewa. Damu inakosa oksijeni, ubongo unashtuka kuniokoa, napumua, kisha inajirudia usiku kucha. Ndiyo maana sikuwahi kupumzika. Ikiachwa, inapandisha presha, inachosha moyo, inaweza kuleta kiharusi. Pombe inalegeza koo zaidi. Akauliza kama kwetu kuna mwingine aliyekoroma hivyo. Nikaanza kumsimulia baba, mkoromo wake na kile kifo chake kizuri, na katikati ya maneno nikasikia ninachosema. Sikumaliza. Bhoke akanishika mkono.

Daktari alisema hawezi kujua kilichomuua baba, lakini mimi bado nipo. Aliniandikia rufaa ya kwenda Mwanza.

Siku za kusubiri niliogopa usingizi kuliko nilivyowahi kuogopa panga. Nililala nimeketi kwenye kiti. Bhoke alishona gunzi la muhindi mgongoni mwa fulana yangu, ili nikilala chali liniamshe nigeuke ubavu. Tulicheka siku ya kwanza tu.

Mwanza walinifunga vifaa kidoleni na kifuani, nikalala navyo usiku mmoja, wakathibitisha ugonjwa. Waliniambia wengine hupona kwa kupunguza mwili, wengine huvaa kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele, wengine hufanyiwa upasuaji, kama wenye mafindofindo makubwa. Mimi niliambiwa niache pombe, nipunguze mwili, nilale ubavu, na nivae barakoa ya mashine inayosukuma hewa kooni. Umeme wetu ukikatika inatumia betri ya sola.

Asubuhi baada ya usiku wa kwanza na mashine, jirani yangu Chacha alipiga hodi mapema, fimbo mkononi, uso umemshuka. "Hatukukusikia," alisema. "Tulijua umekufa."

Bhoke akamjibu, "Alikuwa anakufa mlipokuwa mnamsikia."

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari aliyemuuliza mke wangu. Presha imeshuka, ingawa dawa bado nameza. Ng'ombe sasa wanalindwa na mbwa. Nawe unayelala karibu na mtu anayekoroma kisha akanyamaza, usifurahie ukimya huo. Mtikise. Kesho mpeleke hospitali, hata akikuambia ni urithi wa baba yake.

Mkono wa Robi uliunga, umepinda kidogo. Kwa muda mrefu alikataa kupanda pikipiki yangu, nami sikumlazimisha. Likizo iliyopita alipanda mwenyewe. Njia nzima hakuzungumzia shule wala mtihani. Kila tulipokwenda kidogo aliuliza tu, "Baba, upo?"

Nikamjibu kila mara.