Marehemu Wote wa Kisauni

Kazi ya dereva wa badali niliipata kwa sababu ya mnazi. Dereva mwenyewe wa gari la Kisauni alipanda mnazini kwake kugema, akateremka kwa njia ya mkato, akavunjika mguu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimepata leseni, na kampuni ya kupeleka vifurushi ilikuwa na gari limesimama bure. Msimamizi wa ofisi, mzee wa mjini mwenye miwani mizito na maneno machache, aliniambia, "Wiki moja. Mizigo ikifika kwa wenyewe, nafasi ikitokea nitakuita. Ikirudi hapa, wewe usirudi."

Nyumbani Likoni, mama yangu alikuwa amekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ni dereva wa kampuni. Neno badali hakulitaja. Hata muuza samaki alianza kunisalimu kwa heshima, na heshima ile ilinikaa vizuri sana. Kukosa kazi baada ya hapo kungekuwa ni kumvua mama nguo hadharani.

Basi nilijipamba. Kampuni ilinipa kaptura na shati la kaki, mama akazipiga pasi ya makaa mpaka kaptura ikaweza kusimama peke yake. Soksi hadi magotini, kofia kichwani, karatasi ya majina mkononi. Nilivuka daraja la Nyali nimenyoosha shingo, nikitumaini kuna mtu wa Likoni ananiona.

Nyumba ya kwanza nilipiga hodi, nikasoma kwa sauti jina la mwenye mzigo, lake, la babake na la babuye, wasije wakadhani sijui kusoma. Ndani, vyombo vilivyokuwa vikioshwa vikanyamaza. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya mlango: "Huyo hayuko. Kahamia Lamu."

Nyumba ya pili mwenyewe alikuwa marehemu. Ya tatu pia, na jirani akanitaka nimwombee dua. Kwenye baraza moja nilimkuta mzee mnene anacheza bao. Nilipomtajia jina, alisambaza kete zake polepole mpaka ya mwisho, akasema, "Inna lillahi. Huyo mimi ndiye n'liyemzika." Wenzake wakainamisha vichwa. Nikampa pole, tena ya dhati.

Jioni nilirudi na gari limejaa kama lilivyotoka. Msimamizi aliitazama mizigo, akanitazama mimi.

"Kisauni kumeingia tauni?"

"Wamekufa, bwana," nikasema. "Waliobaki wamehamia Lamu."

Akavua miwani, akaifuta, akasema kwamba ananipa kesho tu nijaribu tena.

Nilitoka pale nimefura kwa hasira, moja kwa moja hadi nyumbani kwa yule dereva wa mnazi, ambaye alikuwa akikaa huko huko Kisauni. Nilimkuta kitandani, mguu umefungwa mabanzi. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka mguu ukamuuma, akalia kidogo kwa maumivu, kisha akaendelea kucheka.

"Mjinga wewe," alisema. "Mtu kavaa kaki, ana karatasi mkononi, amwita mtu kwa jina la babake na babuye. Ni nani huyo, kama si mtu wa kodi?"

Ilikuwa ni miaka michache kabla ya Uhuru. Kodi ya kichwa ilimtafuta kila mwanamume, na kila mwanamume alikuwa na Lamu yake. Mimi mwenyewe yangu sikuwa nimeilipa. Lakini kaki ikishamkaa mtu vizuri humsahaulisha mambo kama hayo.

"Vaa kikoi," aliniambia. "Keti barazani uamkie watu. Jina usilitaje. Sema mzigo watoka wapi, kisha nyamaza."

Kesho yake, nilipokwisha kuvuka daraja, nilijificha nyuma ya gari nikabadili nguo. Nikaketi, nikaamkia watu, nikasema nina mzigo kutoka Zanzibari, nikanyamaza. Aliyehamia Lamu alitoka chumbani akifunga kikoi. Marehemu wakafufuka mmoja mmoja, wenye afya njema kabisa. Yule mzee mnene aliacha bao lake, akaja kukipapasa kifurushi.

"Huu wangu huu. Kaniletea shemeji."

"Mzee, jana ulisema umemzika mwenyewe."

"Jana ni jana," alisema, akajitwisha mzigo wake na kwenda zake.

Nilimaliza wiki bila kurudisha hata kifurushi kimoja. Msimamizi akasema nikangoje nyumbani, nafasi ikitokea atatuma mtu. Kaki nikairudisha.

Nilingoja. Muuza samaki akaipunguza ile heshima. Mama akiulizwa kisimani gari la mwanawe li wapi, alijibu liko gereji, na likawa gereji muda mrefu mno. Nilimwonea uchungu kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Siku moja nilitoka shambani nikamkuta mlangoni, uso umejaa furaha.

"Nimekuokoa, mwanangu. Kaja mtu wa kaki, ana karatasi, akutaja wewe na babako na babuyo. N'kamwambia umekufa. N'kamlilia na machozi."

"Alisema ametoka wapi?"

"Sikumpa nafasi ya kusema."

Nilikimbia hadi kivukoni, jembe likiwa bado begani. Mtu wa kaki alikuwa kwenye foleni ya feri. Alikuwa tarishi mgeni pale ofisini kwa msimamizi. Mimi simjui, naye hanijui. Nikamwambia mimi ndiye anayetafutwa. Alilitazama jembe, akautazama udongo miguuni mwangu.

"Ninayemtafuta amekufa," alisema. "Mamake amenililia sasa hivi. Na wewe huna haya? Unataka kurithi kazi ya marehemu hata arubaini haijafika?"

Hapo mama akatokea mbio, akihema, akiamini nimekwenda kujipeleka mwenyewe kwa serikali.

"Mama," nikasema, "mwambie mimi ni nani."

Aliitazama ile kaki. Akanitazama mimi, mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Kijana huyu simjui," akasema. "Wala sijapata kumwona."

Watu wa foleni wakageuka. Feri ilikuwa imekwisha kufika. Tarishi akaikunja karatasi, na kazi yangu ikakunjwa pamoja nayo, akaanza kusogea na wenzake. Nilikaribia kulia. Nikamshika mkono.

"Kaka, neno moja tu. Vua kofia, mwamkie. Jina usilitaje. Mwambie umetoka wapi na umeleta nini."

Sijui kwa nini alinisikiliza. Labda ni kwa ajili ya lile jembe. Akavua kofia. "Shikamoo, mama. Nimetoka kampuni ya vifurushi. Nimeleta kazi ya udereva."

"Marahaba, baba," mama akajibu, na uso wake ukafunguka. Akanishika bega, akanisukuma mbele. "Mwenyewe huyu hapa. Mwanangu huyu, nimemzaa mimi."

Kisha, kabla hajaulizwa, akaongeza, "Na kodi kashalipa."